Mfuko wa Kwenda Kwenye Barafu

Mdogo wangu alipelekwa Canada mwaka 2016, peke yake. Tulikuwa tumetoka Uvira pamoja, tukalala pamoja kwenye sakafu ya chumba kimoja Joubert Park, Johannesburg, tukiwa watu tisa, kisha tukahamia Yeoville pamoja. Lakini karatasi za wakimbizi wa kuhamishiwa Canada zilipotoka, lilitoka jina lake tu. Siku aliyoondoka nilimshonea suruali mbili zenye bitana, kwa kuwa tulisikia huko kuna baridi. Baadaye aliniambia alizivaa kama nguo za ndani.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili simu zikaanza kuwa fupi. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, anakata mabega ya nguruwe kuanzia alfajiri, na kila nilichomuuliza alinijibu kwa neno moja. Kazi ipo? Ipo. Baridi ipo? Ipo. Umekula? Nimekula. Huyu ni mtu ambaye hapa Yeoville akitumwa mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, alikuwa akirudi na hadithi ya nusu saa, na watu wanaacha chai ipoe wakimsikiliza. Nikimaliza kuongea naye nilikuwa nabaki nimeishika simu mkononi, sijui nimpigie tena au nimwache.

Kwa hiyo aliponipigia katikati ya wiki, mwezi wa saba mwaka 2018, akiongea haraka haraka hata salamu akairuka, niliuweka mkasi chini.

"Dada, nimepata mashine!"

"Mashine gani? Cherehani?"

"Ya samaki. Ya kuwaona samaki chini ya barafu."

Nilidhani simu inakatakata. Nikamwomba aanze upya, polepole. Akaniambia kuna mzee mmoja kiwandani, mzungu mzaliwa wa hukohuko, anayekata nyama meza ya pembeni yake. Majira ya baridi yaliyopita mzee yule alimchukua kwenda kuvua. Ziwa lote lilikuwa limeganda, gumu kiasi kwamba magari yanapita juu yake. Watu wanatoboa tundu kwenye barafu, upana wake kama sufuria ya wali, wanakaa kwenye ndoo na kushusha ndoano. Na kando ya tundu kila mtu ana mashine yake, inayotuma sauti chini ya maji na kuisikiliza inavyorudi. Uso wake ni wa duara, una taa za rangi. Samaki akipita, taa inawaka. Mashine yenyewe huitwa sona.

"Mimi nimeipata ya zamani, kwenye duka la vitu vilivyotumika," akasema. "Inafanya kazi, tumeijaribu. Ila ni kichwa tu, na waya, na lile sikio linalozama majini. Haina begi, haina pa kuweka betri, haina pa kushika. Wenzangu zao zimekaa ndani ya mabegi, wanabeba kwa mkono mmoja. Yangu nitaibeba kama mtoto aliyetoka kuogeshwa?"

"Si ununue begi lake huko?"

"Halitengenezwi tena. Na hata lingekuwepo, nataka ulishone wewe, dada."

Ombi hilo lilinitia hofu, na sababu naijua. Miaka miwili kabla ya hapo kanisa letu lilikuwa limenipa kazi ya kushona mfuko wa kinanda. Niliushona vizuri, au nilidhani hivyo. Jumapili ya kwanza, mpiga kinanda alipokuwa anaushusha kutoka ghorofani, mkanda ulichomoka begani. Kinanda kikaporomoka ngazi kumi na mbili. Nazijua ni kumi na mbili kwa sababu nilikuwa nimesimama chini, nikikiona kinavyokuja. Hakuna aliyenitukana. Walininyamazia tu, na tangu siku hiyo walichoniletea ni suruali za kupunguza na sare za shule za kuteremsha pindo. Pale saluni nilipokodi kona kwa ajili ya cherehani yangu, kibao changu kiliandikwa "Fundi wa Nguo na Mifuko". Niliyafunika yale maneno mawili ya mwisho kwa picha ya mtindo wa nywele.

"Nipe vipimo," nikamwambia mdogo wangu.

Alinitumia picha ishirini na tatu. Aliipiga picha mashine kutoka kila upande, rula ikiwa pembeni, na sikio lake, na waya uliokunjwa. Aliipima uzito kwenye mizani ya kiwandani. Mimi nikatafuta bati la biskuti linalokaribia ukubwa ule, nikaongezea kadibodi na gundi pale lilipopungua, nikajaza mchanga mpaka uzito ukawa sawasawa, na mbele yake nikachora duara kwa rangi ya kucha. Wanawake wa saluni waliiita "mashine ya uongo". Ilikaa juu ya meza yangu miezi mitatu, na kila mteja alikuwa akiuliza ni bomu au ni saa.

Kilichobaki kilikuwa betri. Hapo ndipo alipoingia jirani yangu, Mrundi mmoja mwenye meza ya kutengeneza mota za geti, zile zinazofungua geti kwa umeme, kwenye korido ya saluni yetu. Ni mtu mpole, anavaa kofia ya sufu hata kwenye joto la mwezi wa kumi na mbili. Nilimsomea ujumbe wa mdogo wangu: betri ya volti kumi na mbili, isiyomwagika, ukubwa wa tofali dogo.

"Eish, dada!" akacheka. Akainama chini ya meza, akainuka na moja mkononi. "Si hii hapa? Hii ni betri ya geti. Nusu ya Johannesburg inaingia nyumbani kwake kwa betri hii."

Alikuwa nazo kumi na moja chini ya meza. Akanipa moja nipimie. Nikaona Mungu ananiambia niendelee.

Mfuko wa kwanza niliushona kwa turubai la plastiki, jeusi, linalong'aa, lile la kufunika malori. Nikaweka dirisha la plastiki angavu ili aone taa bila kufungua, na zipu pande tatu, na chini nikaweka kadibodi ngumu iliyofunikwa. Niseme kweli, ulikuwa mzuri. Wateja waliokuja kusukwa waliupapasa. Mwenye saluni aliuvaa begani, akajitazama kwenye kioo, akasema angeenda nao harusini. Kulikuwa na familia moja ya kanisani iliyokuwa inahamishiwa mji uleule wa mdogo wangu mwezi wa kumi na moja, na mama wa familia alikubali kuubeba. Nikawa nimeshamaliza kazi wiki sita kabla ya wakati.

Fundi wa geti aliugeuza mfuko, akaunusa, akaufungua na kuufunga.

"Umeujaribu kwenye baridi?"

"Jana asubuhi kulikuwa na baridi."

"Dada. Jana asubuhi nilikula aiskrimu."

Niliudhika, lakini usingizi uliharibika. Nilikumbuka ngazi kumi na mbili. Kesho yake nikavuka barabara kwa mama wa samaki.

Mama huyu alitoka Lubumbashi zamani, kabla yetu sote, na duka lake lilikuwa na chumba cha baridi kikubwa kama chumba cha kulala, ambamo maboksi ya samaki walioganda yalipangwa mpaka darini. Kipimo mlangoni kilionyesha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nilimweleza ninachotaka. Alinisikiliza huku anakata mkia wa samaki kwa msumeno.

"Bon, sawa," akasema. "Unataka kulaza mkoba wako kwangu."

"Ndiyo, mama. Usiku mmoja tu."

"Usininukishie gundi samaki wangu."

Nikauweka jioni wakati anafunga. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni nimevaa koti la mume wa mwenye saluni, na mikononi glavu za jikoni, zile nene za kutolea keki kwenye oveni, maana mdogo wangu alikuwa amenionya kwamba huko hakuna anayevua glavu. Mama akanifungulia, akasimama nyuma yangu.

Nilishika zipu. Kwa glavu zile sikuweza hata kukihisi kishikizo chake. Nilipokipata, hakikusogea, meno yote yalikuwa yamevaa umande ulioganda. Nikavuta kwa nguvu, turubai likakunjika pembeni, na likavunjika. Halikuchanika. Lilivunjika kama sahani. Nikaligusa dirisha kwa kidole kimoja, nalo likatoa mlio, likapasuka kutoka kona hadi kona.

Nilikaa juu ya boksi la samaki. Sikulia, kwa sababu mle ndani hata machozi yanafikiria mara mbili. Nilichohisi kilinishangaza mwenyewe: nilihisi nafuu. Kilichovunjika kilivunjikia Yeoville, mbele yangu na mama mmoja, si kule kwenye barafu mbele ya mdogo wangu na wazungu wake.

"Sasa umejua," mama akasema.

"Mama, humu ndani kitu gani kimekaa miaka mingi bila kuvunjika?"

Hilo swali lilinitoka tu. Mama akatazama huku na huku, kama mtu anayehesabu watoto wake. Akanyoosha kidole. Ukutani palikuwa pameegemezwa ubao wa plastiki mweupe wa kukatia samaki, mnene, umechorwachorwa na visu. "Huo ulikuwemo humu kabla mimi sijanunua duka," akasema. Kisha akaonyesha koti lake mwenyewe, lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa la kitambaa kizito cha kanvasi, ndani lina sufu, na halikuwa na zipu. Lilifungwa kwa vipande vya mti vinavyopita kwenye vitanzi vya kamba.

Nilitoka mle ndani natetemeka, na mfuko mzima mpya nikiwa nao kichwani.

Mama alinipa ule ubao, akanunua mwingine. Fundi wa geti akaukata kwa msumeno wa chuma, tukapata kitako kisichovunjika na kisichoganda na barafu, maana mdogo wangu alisema kitu ukikiweka pale juu kikiwa na joto, kinazama kidogo kisha kinashikwa. Mwili wa mfuko nikaufanya wa kanvasi ya kijani, niliyoitoa kwenye hema la jeshi lililouzwa vipande vipande sokoni. Dirisha nililiondoa kabisa. Badala yake nikashona kifuniko kinachofunguka mbele na kujikunja juu kama kope la jicho, kikiifanyia mashine kivuli. Nikaondoa zipu zote. Vifungo nikavifanya vya mti, virefu kama kidole cha kati, na vitanzi vya kamba vipana kiasi kwamba mtu mwenye glavu anavivisha bila kutazama. Nilijifunga kitambaa usoni nikajaribu mara hamsini, nimevaa glavu za oveni, wateja wakishindana kunihesabia sekunde.

Betri ilitupa kazi zaidi. Mdogo wangu alisema wenzake wengi hurudi nyumbani mapema si kwa sababu ya baridi yao wenyewe, ila kwa sababu betri zimekata pumzi. Fundi wa geti alilichukulia jambo hili kama ametukanwa yeye. "Betri zangu?" akasema. Akaandaa mtihani. Alichukua betri mbili za aina moja, umri mmoja, akazijaza usiku kucha, na kila moja akaifungia balbu ya gari. Moja akaiacha uchi. Nyingine mimi niliivisha koti nililolishona kwa mabaki ya blanketi la sufu, lile zito ambalo Wabasotho hujifunga, tabaka tatu, na mdomo mdogo tu wa kupitisha waya. Saa tatu asubuhi tukaziingiza zote kwa mama wa samaki, balbu zikiwaka, tukarudi makazini.

Kila saa mmoja wetu alivuka barabara kwenda kuchungulia. Saa sita zote zilikuwa zinawaka. Saa nane mchana alikwenda yeye, nikamwona anarudi anakimbia katikati ya taxi, hata robot, ile taa ya kuongozea magari, hakuiangalia, ameshika kofia yake kichwani.

"Ya uchi imekufa! Yako bado!"

Nikaacha sare ya mtoto wa watu chini ya sindano nikakimbia naye. Ilikuwa kweli. Upande mmoja kulikuwa na waya mwembamba mwekundu ndani ya balbu, unafifia. Upande wa pili mwanga ulikuwa mkali, unang'aa kwenye maboksi ya samaki. Mama alikuwa amesimama pale na wateja wake wawili, anawaeleza kana kwamba ameibuni yeye. Balbu yangu iliwaka mpaka saa kumi na moja kasoro, tukaizima wenyewe kwa kuwa mama alitaka kufunga.

Ubavuni mwa mfuko fundi alifunga mkono wa kushikia waya juu ya tundu. Aliukata kutoka kwenye bomba la alumini la antena kuukuu ya televisheni, jepesi, linalokunjwa. Kiungo chake kilikazwa kwa nati yenye masikio makubwa, ya kuzungushwa na mtu asiyehisi vidole vyake. Mimi nikashona mfuko mdogo wa sponji wa kulaza lile sikio, lisigongwe njiani.

Kisha ikabaki mikanda.

Safari hii sikuishonea kwenye ukingo wa kitambaa, kama nilivyofanya kwa kinanda. Niliipitisha chini ya kitako chote, ikazunguka na kurudi juu, ili mzigo ukae juu ya mkanda wenyewe na si juu ya uzi. Kila ilipokatizana nilishona msalaba ndani ya mraba, mara tatu, kwa uzi wa nailoni, sindano namba kumi na nane. Nilivunja sindano nne. Nilipomaliza niliweka ndani mashine ya uongo na betri, na juu yake gunia la unga wa ugali la kilo kumi, nikamwomba fundi wa geti aupandishe na kuushusha kwenye jengo lake la ghorofa nne.

"Mara ngapi?"

"Mpaka uchoke."

Alipanda na kushuka mara saba. Mara ya nane aliomba maji. Niliukagua mkanda kwa kidole, mshono kwa mshono, nimepiga magoti pale kwenye ngazi watu wakiniruka. Hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umeinua kichwa. Niliporudi saluni nilibandua ile picha ya mtindo wa nywele kwenye kibao changu. Mwenye saluni alinitazama, akaendelea kusuka.

Familia ilisafiri mwezi wa kumi na moja. Tuliweka koti la betri tu, betri yenyewe ndege haziipendi, lakini fundi aliniapia kwamba ukubwa ule ni mmoja dunia nzima, mdogo wangu angeinunua huko. Mama wa familia aliupakia mfuko akiwa amejaza ndani nguo za watoto. Baada ya siku nne mdogo wangu akanitumia picha: mfuko wangu juu ya meza yake ya jikoni, mashine ya kweli imo ndani, imekaa kama yai ndani ya ganda. Chini yake ameandika: "Imeingia yenyewe."

Ila barafu ilichelewa. Alikuwa akiniandikia kila siku chache unene wake, kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Imefika vidole viwili. Bado. Imefika vidole vitatu. Bado, mzee anasema tungoje.

Alipiga Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, 2019. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, saluni imejaa mpaka mlangoni. Kwao ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliweka simu juu ya cherehani, ikaegemea kopo la vifungo. Kwanza tuliona nyeupe tupu. Kisha uso wake ukaja, nyusi zake zina barafu, na nyuma yake mzee mwenye koti jekundu ameketi kwenye ndoo.

"Dada, tazama!"

Akaelekeza simu chini. Pale, kando ya tundu jeusi la maji, ulikuwa umekaa mfuko wangu wa kijani. Kope lake limekunjwa juu. Mkono wa antena umenyooka, na waya umeshuka majini umesimama wima. Duara la mashine lilikuwa linawaka. Sikuwahi kuiona ikiwaka, mimi nilikuwa nimezoea rangi ya kucha.

Wote wakaja kwenye cherehani yangu. Mwanamke mmoja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, akasimama na chanuo lake nyweleni. Fundi wa geti aliingia na bisibisi mkononi. Mtu akamkimbilia mama wa samaki.

"Ile nyekundu nene ni chini ya ziwa," mdogo wangu akatueleza. "Huu mstari mwembamba wa kijani ni ndoano yangu. Katikati hapa hamna kitu. Mkiona mstari unakuja katikati..."

Hakumaliza. Tuliuona sisi kabla yake. Mstari mwembamba ulitokea juu kidogo ya ile nyekundu, ukapotea, ukarudi.

"Huyo!" akapiga kelele fundi wa geti. "Huyo hapo!"

"Shhh," mdogo wangu akasema, kana kwamba samaki wa Canada anasikia Kiswahili.

Mstari ukapanda. Ulikuwa kijani, ukawa wa machungwa, ukanenepa. Akainua ndoano kidogo, na mstari nao ukaifuata. Akainua tena. Mistari miwili ikakutana, ikawa mmoja, mwekundu. Tulimwona akivuta mkono juu kwa nguvu, fimbo ikapinda, mzee akainuka kwenye ndoo yake.

Na simu ikazima.

Nilipiga, haikuita. Nikapiga tena. "Ni baridi," fundi akasema, "baridi imeua betri ya simu." Mama wa samaki alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anahema, anauliza amekosa nini. Yule mwanamke wa nusu kichwa alikataa kurudi kukaa. Tulisubiri hivyo, watu kumi na kitu, tunaitazama simu iliyoegemea kopo la vifungo, dakika ishirini nzima.

Ikaja picha. Mdogo wangu amepiga magoti kwenye theluji, amemshika kwa mikono miwili samaki mrefu kama mkono wangu, mwenye macho meupe kama vioo. Na mdomo wake mdogo wangu uko wazi wote, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Kelele tuliyopiga ilimfanya mlinzi wa duka la jirani aje na rungu. Fundi wa geti alimkumbatia mlinzi. Mama wa samaki, mwenye chumba kizima cha samaki ng'ambo ya barabara, alikuwa anafuta machozi kwa aproni kwa ajili ya samaki mmoja.

Mdogo wangu alipiga tena akiwa ndani ya gari la mzee, simu ameichomeka kwenye chaja. Aliongea dakika arobaini. Alitueleza jinsi samaki alivyokwama kichwa kwenye ukingo wa tundu, jinsi mzee alivyomwingizia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, jinsi yeye mwenyewe alivyoanguka chali. Alimwigiza mzee, akamwigiza samaki. Watu walishika mbavu. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta kidogo.

"Na simu ilipokufa, dada," akasema, "picha tuliipiga na kuituma kwa simu ya mzee, nayo ikafa. Mashine ya mzee ikaanza kufifia. Yako inawaka tu! Mpaka sasa iko pale nje, inawaka peke yake."

Tukasikia mzee anasema kitu kando yake.

"Anauliza umejifunza wapi mambo ya barafu."

"Mwambie kwenye duka la samaki, Yeoville."

Akamtafsiria. Mzee hakucheka. Aliichukua simu, akainua mbele ya kamera mfuko wake wa dukani, ambao zipu yake ilikuwa imefungwa kwa kipande cha waya, akaongea kirefu.

"Anataka wake," mdogo wangu akasema. "Anasema atalipia na posta. Mashine yake ni pana kuliko yangu."

Nilifungua droo, nikatoa daftari na chaki, nikawaomba watu wanyamaze. "Mwambie aanze na kimo," nikasema.

Kufikia mwezi wa tisa mwaka ule nilikuwa nimepeleka mifuko tisa. Fundi wa geti alitengeneza mikono yote tisa, na antena mbovu za Yeoville zilianza kuwa adimu. Kila mmoja ulilala kwa mama wa samaki kabla ya kusafiri, naye hakuruhusu utoke mpaka ameufungua na kuufunga mwenyewe, amevaa glavu. Nilihama kwenye kona, nikakodi chumba cha juu chenye dirisha, nikanunua cherehani ya pili, ya kushonea vitu vizito. Mfuko wa tisa ulikuwa wa mwanamke, dereva wa malori, aliyeomba mwekundu ili auone kwa mbali kwenye theluji. Nikamshonea mwekundu, na ndani ya kifuniko, kwa uzi mweupe na herufi kubwa, nikashona jina la mtaa wetu.